Sura ya Tisa: Wenyeji wa Chini ya Jiwe

Kituoni walimwita Taratibu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, na Inspekta mwenyewe, mwanamke asiye na haraka, alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea koti la kuazima likamkaa vizuri. Hakuwahi kugonga meza mbele ya mtuhumiwa. Alikaa, akauliza swali moja, kisha akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kiasi kwamba wenye siri walianza kusema wenyewe, mradi tu kiwaondokee kifuani.

Mzee wa mizinga, hata hivyo, alimshinda kwa kunyamaza.

Wiki iliyopita kijito kinachoshuka kutoka msituni na kuunywesha mji wa bondeni kilipambazukiwa na samaki walioelea matumbo juu. Waliowahi kuchota kabla habari hazijaenea walilazwa. Wengi walitapika wakapona, lakini mama mmoja muuza mboga mpaka leo alikuwa hajafumbua macho, na wanawe walipokezana kukaa kitandani kwake wakimsemesha kama mtu anayesikia. Maabara ilisema ni dawa ya kuulia wadudu. Askari wakapanda msituni, na huko walikuwapo watu wawili tu wa kuulizwa: mzee wa mizinga, na msimamizi wa kitalu cha miche, ambaye alimwoa binti pekee wa mzee huyo.

Nyuma ya kibanda cha mzee lilikutwa kopo tupu la dawa ile ile. Mkwe alipoulizwa alilia mpaka karani akaacha kuandika. Alisema hajui baba mkwe wake kalitoa wapi kopo hilo. Dawa ya kitaluni anaifungia yeye mwenyewe, na hajaigusa tangu mvua zianze. Mzee alipoulizwa aliitazama mikono yake.

Kisha ikaja ripoti ya mpimaji wa vijito, mwanamke wa ofisi ya maji ambaye kazi yake ni kuingia mtoni na kuuliza hali ya mto. Alipima, akasema kuanzia bwawa dogo lililo chini ya mizinga ya mzee kila kitu kimekufa, na juu ya bwawa hilo kila kitu ni kizima. Nyuki wa mzee walikuwa wazima. Mzee mwenyewe alikuwa mzima. Mkuu wa kituo akasema hata mtoto wa chekechea angeunganisha vipande hivyo: mtu amemwaga sumu chini ya mizinga yake, yeye na nyuki wake wasidhurike. Sababu nayo ilikuwapo, maana vijana wa bondeni waliwahi kumchomea mizinga wakiiba asali. Kesho asubuhi mzee anapelekwa mahakamani. Katika umri ule, mtu akiingia gerezani hatoki kwa miguu yake.

Kilichomsumbua Inspekta kilikuwa kidogo, kama mchanga ndani ya kiatu. Wenye hatia wanaonyamaza huutazama mlango. Mzee huyu hakuutazama hata mara moja. Na binti yake, aliyekaa getini tangu jana, kila iliposikika sauti yake mzee alifumba macho kama mtu anayemeza kidonge kichungu.

Kwa hiyo Inspekta alimwomba mpimaji wa vijito wakapime tena, wote wawili.

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye vicheko vya ghafla, na kwa sababu ya viatu vyake vya mpira vilivyopanda mpaka mapajani, ofisini kwao aliitwa Bi Mabuti. Alikuja na wavu wenye mpini mrefu, beseni jeupe la plastiki na kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni. Hakufurahi. Alisema njia nzima kwamba kijito hakibadilishi ushahidi, si kama watu wa Inspekta, ambao leo wameona, kesho hawakuona. Inspekta akamjibu kwamba hilo ndilo linalompa hamu ya kukutana nacho.

"Haya," Bi Mabuti alisema walipofika ukingoni, "sheria ya kwanza. Tunaanzia chini, tunapanda. Ukianzia juu, matope unayoyatibua yanakwenda kule unakotaka kutazama. Unajitia vumbi machoni mwenyewe."

"Na sheria ya pili?"

"Usianguke, afande. Nitakucheka."

Chini ya bwawa palitisha. Maji yalikuwa safi, tena meupe kama kioo, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana jicho lilidanganyika. Bi Mabuti aliweka wavu mkondoni, akasimama mbele yake upande wa juu, akasugua mawe kwa viatu ili kilichoshikilia kiachie na kuingia wavuni. Aliporusha kilichopatikana ndani ya beseni, yalitulia majani, vijiti, na vijidudu vyeusi vilivyojikunja. Hakuna kilichocheza. Walirudia mbele kidogo, na mbele zaidi, na kila mara beseni lilikuwa kama sahani iliyooshwa. Hata mlio haukuwapo. Inspekta alitambua kwamba tangu waingie mtoni hajasikia chura hata mmoja.

Wakafika kwenye bwawa. Kijito, kilichokuwa kikikimbia na kupiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule, hapo kilisimama ghafla, kikatanda, kikawa kimya. Juu ya ukingo, kwenye uwazi mdogo, ilikuwa mizinga ya mzee, imewekwa juu ya vichanja, na kila mguu wa kichanja umesimama ndani ya kopo.

Inspekta aliinama. Makopo yalikuwa na oili chafu ndani yake. Alichovya kijiti, akanusa.

"Sisimizi," alisema Bi Mabuti nyuma yake. "Wanapenda asali kama sisi. Wakikuta oili hawavuki."

Kichanja cha mwisho kilikuwa kipya, mbao zake bado nyeupe. Miguu yake mitatu ilikuwa ndani ya makopo. Wa nne ulikuwa ukingoja kopo lake, umewekewa jiwe kwa muda. Inspekta aliyapitia makopo moja moja. Kopo lililokutwa nyuma ya kibanda halikuwa limefichwa. Lilikuwa linangoja zamu yake. Makopo yale mengine matatu hayakuwa na karatasi, lakini umbo lilikuwa lile lile, na kifuniko kilikuwa kimekatwa kwa namna moja. Mzee hakulipata kopo lile kwa siri usiku mmoja. Alikuwa akipewa makopo. Mtu anayekupa makopo matupu ya dawa ni mtu mwenye makopo yaliyojaa.

Lakini kupewa kopo si kosa, na kumpa mtu kopo si kosa pia. Alilitia jambo hilo mfukoni, wakaendelea.

Kitu cha pili alikionyeshwa na nyuki wenyewe. Walikuwa wakishuka kutoka mizingani kwa mstari, na Inspekta aliwafuata kwa macho akitegemea kuwaona wakitua ukingoni mwa kijito. Hawakutua. Walikipita kijito juu kwa juu na kwenda ng'ambo, kwenye uso wa jabali uliovaa kuvu ya kijani, nene kama sufu. Maji yalikuwa yakitoka ndani ya jabali lenyewe, tone kwa tone, na nyuki walijipanga kwenye kuvu ile, mamia kwa mamia, vichwa chini, wakinyonya. Mbawa zao zilishika mwanga uliopenya majanini, na jabali zima lilionekana kama linapumua. Chini yake palikuwa na kata ya kibuyu na mtungi.

Inspekta alikuwa amepitisha maisha yake yote karibu na msitu huu na hakuwahi kujua kwamba jiwe linaweza kunyonyesha.

"Mzee anachota hapo," alisema hatimaye.

"Yeye na nyuki wake."

"Kwa hiyo kuwa wazima kwao hakutuambii kitu. Hata kama sumu ilipita hapa mbele ya mlango wao, wasingeionja."

Bi Mabuti alitikisa kichwa. Alisema hilo lingekuwa na maana kama juu ya bwawa kungekuwa na vifo, na juu ya bwawa hakuna. Aliingia majini kwa hasira kidogo, akatia wavu, akasugua mawe, na aliporusha ndani ya beseni, beseni likachemka.

Inspekta alipiga magoti. Palikuwa na vidudu bapa kama kucha, wenye mikia ya nyuzi tatu, na ubavuni mwa kila mmoja manyoya madogo yakipepea haraka haraka. Bi Mabuti alimvulia kioo chake, akamwambia kwamba yule anapumua kwa ubavu. Inspekta alitazama kwa kioo na akauona moyo wa mdudu. Ulikuwa ukidunda mgongoni mwake, ndani ya ngozi inayopitisha mwanga, bila kujali kwamba anatazamwa na serikali.

"Hawa nao?" aliuliza, akionyesha vijifuko vya mchanga vilivyolala chini ya beseni.

Uso wa Bi Mabuti ukalainika. "Hao ni mafundi. Nawapenda kuliko wote. Huyu mdudu ana uzi mdomoni kama buibui. Anaokota punje ya mchanga, anaigeuza, ikimkataa anaitupa, ikimkubali anaigandisha. Punje kwa punje mpaka amejijengea nyumba. Anaishi humo, anatembea nayo. Anachukua miezi."

Inspekta aliweka moja kwenye kidole chake. Haikuzidi punje ya mchele. Ilikuwa imejikunja kidogo kama pembe, nyembamba nyuma, pana mbele, na punje zake zilikuwa zimepangwa ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa, bila pengo, kwa usafi ambao fundi wa ukuta wa kituo chao angeuonea aibu. Na chini ya kila jiwe alilogeuza Bi Mabuti, nyumba kama hizo zilikuwa nyingi, mji mzima ulioning'inia kichwa chini, na juu yake watu wanapita na mabuti yao bila habari.

"Na huyu aliye ndani, atatoka?"

"Ukimgusa anajifungia. Ukimwacha atulie, anatoa kichwa na miguu, anatembea."

"Tumwache atulie, basi."

Bi Mabuti alisema wana njia ndefu. Inspekta akasema anajua, akakaa chini kwenye jani kavu, akaliweka beseni mbele yake kama anavyomweka mtu mbele ya meza, akanyamaza.

Walikaa. Msitu uliwazoea. Ndege mmoja wa bluu alishuka mpaka kwenye jiwe la katikati, akanywa, akawaangalia kwa jicho moja kisha kwa jingine, akaenda zake. Ndani ya beseni wale bapa walizunguka na kukimbizana. Nyumba za mchanga zilibaki zilipo. Bi Mabuti alianza kwa kuangalia miti, akaja kuangalia viatu vyake, na mwishoni alikuwa ameinama juu ya beseni kuliko Inspekta, na vicheko vyake vilikuwa vimekwisha.

"Haiwezekani wote," alisema.

Alichukua nyumba moja, akaipasua kwa kucha, polepole. Mwenyewe alikuwa ndani, mweusi, laini, amekufa siku nyingi. Akapasua nyingine. Akapasua ya tatu. Kisha akaiweka mikono yake magotini.

"Mara ile sikungoja," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu walikuwa ukingoni wanapiga kelele, askari wananiambia fanya haraka mama. Nikaona nyumba nzima nzima, nikaandika wazima. Nilihesabu nyumba, afande. Sikuhesabu wenyeji."

Inspekta hakumlaumu. Alikuwa akitazama wale bapa wanaokimbizana, na swali lilikuwa limempanda kooni, swali ambalo angemwuliza mtu yeyote aliyekutwa mzima katika nyumba ya maiti.

"Hawa wanaocheza," alisema, "ni wenyeji au wageni?"

Bi Mabuti aliinua kichwa. Inspekta aliona jibu likimjia usoni kabla halijafika mdomoni. Alieleza kwamba wadudu bapa huachia mawe usiku na kuchukuliwa na maji. Kila usiku kijito huwabeba maelfu kuwapeleka chini, kama abiria. Mahali pakiwa patupu, wanashuka, wanapanga. Mafundi hawawezi, nyumba zao ni nzito, zinawazamisha. Siku chache tu zinatosha wale wepesi kujaza mawe yaliyobaki bila watu.

"Mpaka wafike kwenye maji yaliyosimama," Inspekta alisema taratibu.

Wote wawili waligeuka kulitazama bwawa la nyuki, pana na kimya, mahali ambapo kijito kinaweka mizigo yake chini. Abiria waliishia hapo. Mstari ule wa kifo na uhai, ambao kwa ajili yake mzee alikuwa amelala sakafuni siku zote hizi, haukuwa mahali sumu ilipomwagwa. Ulikuwa mahali wageni waliposhukia.

"Mimi ndiye niliyemfunga yule baba," alisema Bi Mabuti.

"Wewe ndiye utakayemfungua. Inuka, dada yangu. Tunapanda."

Wakapanda. Sasa hawakuwatazama tena wale wepesi. Kila baada ya kona walitafuta mafundi, wakawaweka katika beseni, wakakaa, wakangoja. Bi Mabuti hakusema tena habari ya njia ndefu. Kijito kilizidi kuwa chembamba na msitu ukazidi kuwa mkubwa, miti ikasimama na mizizi yake nje kama magoti ya watu waliokaa kwenye kikao, na mwanga ukashuka mwali mmoja mmoja, kama unaoruhusiwa kuingia kwa zamu. Inspekta alianza kutembea kwa namna nyingine. Alitafuta pa kukanyaga. Alijikuta akiomba samahani kwa jiwe.

Na kila beseni lilikuwa na nyumba nzuri zisizotembea.

Walipita chini ya kitalu cha miche. Kibanda cha msimamizi kilikuwa juu ya ukingo, na kutoka mlangoni mwake ngazi zilizopangwa mawe zilishuka mpaka kwenye jiwe moja kubwa bapa, penye maji. Hapo pia nyumba zilikuwa kimya. Mwenyewe hakuonekana, sauti ya jembe ilisikika mbali, kwenye matuta. Mbele ya jiwe lile mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kukilalia kijito, umeshikwa na miiba. Waliuvuka kwa tabu, Inspekta akiacha kipande cha sketi yake kwenye miiba na Bi Mabuti akikumbuka ahadi yake ya kucheka. Wakasimama ng'ambo, palipokuwa na kidimbwi kisichozidi upana wa kitanda. Wakageuza jiwe, wakaweka beseni chini, wakakaa.

Kwanza palikuwa kimya kama kwingine. Kisha mbele ya nyumba moja kikatoka kitu chembamba kama unywele, kikagusa maji, kikarudi ndani. Kikatoka tena, na kingine, na vingine, na baada ya miguu kikaja kichwa kidogo cha kahawia, kikageuka huku na huku kama bibi anayechungulia dirishani kujua ni nani wanaopita. Nyumba ikajivuta. Ikapiga hatua. Nyuma yake nyingine ikainuka, na nyingine, na nyingine, mpaka chini yote ya beseni jeupe ikawa inatembea, nyumba kwa nyumba, mtaa mzima umeamua kuhama kwa siku moja. Mmoja aliokota punje ya mchanga, akaigeuza, akaitupa.

Inspekta alikuwa amewahi kusimama mahakamani na kusikia watu wakisomewa uhai na kifo. Hakuwahi kusikia ukweli ukitamkwa kwa unyenyekevu namna ile. Aligundua kwamba amemshika Bi Mabuti mkono, na kwamba Bi Mabuti analia na kucheka kwa pamoja.

Kati ya mti ule ulioanguka na jiwe lile bapa, hatua chache tu, uhai ulikuwa umeanza.

Waliwarudisha mafundi mahali pao, jiwe likalazwa kama lilivyokuwa, tumbo chini. Bi Mabuti alitaka wakimbie kituoni wakati ule ule. Inspekta alimzuia. Mkuu wa kituo hatamfungua mtu kwa maneno ya wadudu. Atasema mtu yeyote angeweza kupita hapo, hata mzee mwenyewe angeweza kupanda na kumwaga pale ili kumsingizia mwingine. Wadudu wamesema ni wapi. Hawakusema ni nani.

Alikaa kwenye ule mti, akawaza. Kisha akapanda ukingoni, akapiga hodi kibandani.

Msimamizi wa kitalu alitoka matutani akipangusa mikono. Alikuwa kijana wa makamo, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliwaamkia kwa adabu, akatoa viti, akauliza hali ya baba mkwe wake, na kuuliza kwake hakukuwa kwa uongo. Hilo Inspekta aliliona, na lilimtia simanzi. Alimjibu kwamba mzee hajambo, ila hali chakula vizuri. Alisema wamepita kwenye mizinga, wamepima tena, na hakuna jipya la kumweleza. Juu ya bwawa la nyuki maji ni salama, kama redio ilivyotangaza kwa mji mzima.

"Nashukuru," alisema kijana. "Mungu ni mwema."

"Ila jua limenimaliza, mdogo wangu. Nichotee maji ninywe."

"Sasa hivi, afande."

Akachukua ndoo na kikombe. Mbele ya mlango wake ngazi zilishuka, pana, zimechakaa katikati kwa miaka ya kukanyagwa, mpaka kwenye jiwe bapa ambapo maji yalikuwa yakipita meupe. Hakuzitazama. Alikata kushoto, akauzunguka mti ulioanguka, akaingia kwenye miiba huku ameinua ndoo juu ya kichwa, na wakamsikia akiguna ilipomchoma. Bi Mabuti alifungua mdomo. Inspekta aliweka kidole juu ya midomo yake mwenyewe.

Alirudi mikono inachuruzika damu kidogo, ndoo imejaa. Akachota kikombe, akampa kwa mikono miwili. Inspekta akakipokea, akakishika tu.

"Ngazi zako nzuri hivi," alisema. "Zina ubaya gani?"

Kijana aligeuka kuziangalia ngazi, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka nyuma yake. Inspekta hakurudia swali. Alikaa mbele yake kama alivyokaa mbele ya beseni siku nzima, bila hasira, na akangoja mwenye nyumba atoke.

Alitoka kidogo kidogo. Alisema ilikuwa dawa ya zamani, imeganda, haifai tena kunyunyizia. Alikuwa anaosha bomba la dawa pale jiweni, jioni, amechoka, na kwa kuwa mkono ulikuwa majini tayari akaimwaga yote. Kijito kinachukua kila kitu, alisema, majani, matope, kinachukua na kupeleka, hakuwaza kinapeleka wapi. Kesho yake akasikia watu wamelazwa. Alitaka kwenda kusema. Alivaa hadi viatu. Halafu wakaja askari na lile kopo, ambalo yeye mwenyewe alimpa mzee kwa ajili ya mguu wa kichanja, wakamwuliza, na ulimi ukasema ulichosema. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia.

"Yule mama muuza mboga," aliuliza, "ameamka?"

"Bado."

Akaketi chini, si kwenye kiti.

"Baba anajua?"

Inspekta alikiweka kikombe juu ya benchi, karibu na mkono wake. "Kopo alipewa na nani, hajui?"

Kijana akafunika uso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na safari hii hapakuwa na karani wa kuacha kuandika.

"Na amenyamaza," alisema ndani ya viganja vyake.

"Amenyamaza. Ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ana nyumba moja tu, nayo ni hii."

Bi Mabuti aliondoka pale mlangoni, akaenda kusimama ukingoni akiwapa mgongo. Kijana alipoinuka alikuwa ametulia, kama mtu aliyetapika. Alifunga kibanda, akampa Inspekta funguo zote mbili, ya mlango na ya stoo ya dawa. Aliuliza kama ni kweli mke wake bado amekaa getini pa kituo. Inspekta akasema ni kweli, tangu jana.

"Nisiingizwe kwa mlango wa nyuma, afande. Naomba nipite pale alipo. Nataka asikie kwangu."

Inspekta alifikiria pingu zilizokuwa mfukoni mwa koti lake, akaziacha zilipo. Njia ya kushukia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na kijana ndiye aliyeijua vizuri kuliko wote. Inspekta akamwacha atangulie. Kijito kilikuwa kikiteremka kando yao, kikipiga kelele zake, na kijana alitembea bila kukitazama, kichwa chini, mpaka walipofika penye mizizi yenye matope. Hapo alisimama, akageuka, akawanyoshea mkono.

"Hapa pana utelezi, mama," alisema. "Shika hapa."